Wafungwa Arobaini na Mmoja

Picha ile ilikuwa mezani tangu saa moja asubuhi, na Mkaguzi Msaidizi Eufrazia Nsokolo alikuwa ameshaihamisha mara tatu. Kwanza aliisimamisha juu ya kabati la majalada, akaona inamtazama. Akaigeuzia ukutani, kisha akajionea aibu, mtu mzima mwenye nyota begani kukimbia rangi na kipande cha hadibodi. Mwisho aliilaza mezani, akavaa miwani, akaiinamia kama mtu anayechambua mchele.

Ilikuwa picha ya watu wanaozunguka. Kuta ndefu pande zote, mbingu hakuna, na chini watu wamefuatana katika duara, vichwa wameinamisha, mikono imelegea, kila mmoja anakanyaga alipokanyaga mwenzake. Mmoja tu, upande wa karibu, alikuwa ameinua uso na kukutazama wewe unayeitazama picha. Ukienda kushoto yuko nawe, ukienda kulia yuko nawe. Uso huo Eufrazia aliufahamu, maana picha yake ndogo ilikuwa imebanwa kwenye jalada: Aline, miaka ishirini na minne, mhudumu wa mgahawa Majengo, mwenyeji wa Katumba. Hakuonekana tena mjini tangu Jumapili ya tarehe ishirini na nane Desemba. Leo ilikuwa Jumanne, tarehe kumi Februari.

"Bado unaliangalia hilo dude, Afande?" Koplo Sospeter aliingia na vikombe viwili vya chai. "Mimi usiku nimeliota. Niko kwenye foleni, nazunguka, na mbele yangu ni wewe."

"Nilikuwa naenda wapi?"

"Ndiyo shida yenyewe. Hukuwa unaenda popote."

Eufrazia hakucheka. Alisogeza kando ya picha karatasi ya kalenda ya zamani, ya mwaka 1998, aina ile waliyokuwa wakigawa mapadri wa misheni. Ilikuwa na picha hiyohiyo, ila hii ndiyo mama yake: kuta za kijani kibichi na buluu, wanaume waliovaa nguo za gereza wakizungushwa uani, na juu kabisa ukutani vipepeo wawili weupe, wadogo hata unaweza kudhani ni kasoro ya mashine. Mchoraji Gervais, mjomba wa Aline, alikuwa ameitundika juu ya kitanda chake akaiiga.

"Nimeitafuta kwenye simu," alisema Sospeter, akalitamka jina la mchoraji wa kwanza kwa namna tatu, zote tofauti. "Mholanzi. Miaka mia na thelathini na kitu imepita. Aliichora akiwa yeye mwenyewe amefungiwa, hospitali ya wagonjwa wa akili huko Ufaransa. Miezi michache baadaye akafa. Wanasema huyo anayetazama ni yeye."

"Kwa hiyo ukifungiwa, unajichora."

"Na ukimfungia mtu, unamchora. Au ukimuua." Sospeter akashusha sauti. "Mkubwa ameshaamua, Afande. Saa nane mzee Gervais anapelekwa kortini."

Mkubwa ni mkuu wao wa upelelezi, mtu wa hesabu fupi. Juzi Jumapili, walipopekua chumba cha Gervais, walikuta picha hii na chini ya mto leso ya Aline. Mkubwa alitazama vitu hivyo viwili, akasema: mtu anayemchora marehemu kabla sisi hatujampata marehemu, huyo ndiye anayejua marehemu alipo. Eufrazia alikuwa akiligeuzageuza neno hilo kichwani kwa siku mbili, na kila akiligeuza analiona lina ukweli, ila halijakaa sawa.

Walimtoa Gervais mahabusu, wakaketi naye chumba cha mahojiano. Alikuwa mzee wa miaka hamsini na kidogo, mpole, mwandika mabango ya maduka, rangi nyekundu imemganda kwenye kucha. Alizaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi, wazazi wake wakiwa wamekimbia Burundi mwaka sabini na mbili. Eufrazia alimsomea onyo kama sheria inavyotaka, akafungua kalamu.

"Umelala, mzee wangu?"

"Nimerara, mama afande. Hapa kazi ni kura na kurara tu."

Sospeter akaficha tabasamu kwenye kikombe.

"Aline ni nani kwako?"

"Mtoto wa dada yangu Emelyne. Mimi ndiye mjomba."

"Yuko wapi?"

Gervais aliunganisha vidole vyake juu ya meza. "Kwa kinywa changu, hapana."

"Hapana hujui, au hapana husemi?"

"Kwa kinywa changu, hapana."

"Leso yake imefikaje chini ya mto wako?"

"Kwa kinywa changu, hapana."

Sospeter alipiga meza. "Mzee, unaelewa unapelekwa kortini kwa mauaji? Unaelewa watu wananyongwa?"

Uso wa mzee haukubadilika. "Hata mkininyonga," alisema taratibu, "mtoto ana mama yake. Mama yake yupo."

Eufrazia aliliandika hilo neno kwa neno, ingawa hakulielewa. Kisha akaisukuma picha mbele yake. "Na hii? Hii nayo huisemei?"

Kwa mara ya kwanza macho ya Gervais yalipata uhai. Alimtazama Eufrazia, akaitazama picha, akamrudia Eufrazia, kama mwalimu anayemngojea mwanafunzi mzito.

"Mama afande. Umeihesabu?"

"Picha ni moja."

"Haya," alisema Gervais, akaunganisha tena vidole vyake.

Nje ya chumba, Sospeter alifungua jalada na kuchomoa barua. Emelyne, mama yake Aline, aliileta mwenyewe kituoni katikati ya Januari, alipoitwa kuulizwa binti yake yuko wapi. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya buluu kwenye karatasi ya daftari: *Mama usirie. Mimi nimefika Kigoma sarama, nimepata kazi ya kurea watoto. Usinitafute. Aline.*

"Umemsikia mwenyewe? Kura na kurara. Sasa soma: usirie, sarama, kurea. Barua ina ulimi wake, Afande! Amemuua, halafu akamwandikia dada yake barua ya uongo."

Ilikuwa hoja nzuri, na Eufrazia alimwambia hivyo. Wazee wa Katumba waliokulia Kirundi, herufi *l* kwao ni mgeni asiyepewa kiti. Hata hivyo alikunja barua, akaitia mfukoni, akaichukua na picha kwapani.

"Hiyo unaipeleka wapi?"

"Sitaki kuiacha ofisini peke yake," alisema Eufrazia, na alikuwa akisema kweli. "Twende Majengo tukasome."

Na ndicho walichofanya. Walitembea mtaa kwa mtaa wakisoma kuta. Nusu ya mabango ya Majengo yalikuwa ya mkono wa Gervais, ungeyajua kwa kivuli chekundu alichokipenda pembeni mwa kila herufi. SALUNI YA KIUME. MAZIWA LALA. TUNAUZA MBOLEA NA DAWA ZA MIFUGO. FUNDI CHEREHANI, USILIPE KABLA HUJARIDHIKA. Kila *l* ilikuwa mahali pake, na kila *r* nayo pake.

"Aliandikiwa na wenye maduka kwenye karatasi, akanakili," alijitetea Sospeter.

"Tumuulize mwenye duka."

Mgahawa wa Agatha ulikuwa kona ya soko, na vyumba vitatu vya wageni nyuma. Agatha ndiye aliyekuwa mwajiri wa Aline, na ndiye aliyekuja kutoa taarifa kuwa binti haonekani. Juu ya mlango wake bango lilisema KULA NA KULALA KWA AGATHA, na ukisimama vizuri uliona chini ya rangi mpya kovu la herufi za zamani.

"Hilo bango!" Agatha alicheka mpaka akashika kiuno. "Kwanza aliniandikia KURA NA KURARA. Tena ilikuwa karibu na uchaguzi wa mtaa! Watu wanapita wananiuliza, mama, kituo cha kupigia kura kimefunguliwa lini? Mzee wa watu alilia. Alisema ataacha kazi. Ndipo Aline akamkalisha pale mlango wa jikoni na chaki. 'Marume,' alimwita hivyo, kwao ndiyo mjomba, 'ulimi tuuache, tuufundishe mkono.' Wiki nzima, akifuta chaki kwa leso ya Aline hadi akapewa iwe yake. Lala, lima, lipa, salama. Tangu siku hiyo akiandika hakosei hata moja. Mkono wake na ulimi wake siku hizi hawajuani."

Eufrazia alimtazama Sospeter. Sospeter alitazama viatu vyake. Barua ikatoka mfukoni, Agatha akaisoma akiitenga mbali na macho, na kicheko kikamwishia.

"Hii si ya Aline. Aline ndiye mwalimu. Na Gervais hii hawezi kuiandika, angejiuma mkono. Nilijua tu Kigoma ni uongo. Mtu asiyeweza kuvuka barabara peke yake, amefikaje Kigoma?"

"Asiyeweza kuvuka barabara?"

Agatha akaketi. "Nyie mliniuliza ameonekana lini. Hamkuniuliza alikuwaje."

Akawaeleza. Mwezi wa Kumi na Moja Aline alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Baba wa mtoto hakutokea hata kwenye maziko. Alirudi kazini kabla siku zake arobaini hazijaisha, na Agatha akidhani kazi itamsahaulisha, akamwachia. Lakini wateja wakishaondoka Aline alikuwa anazunguka meza. Anazunguka, anazunguka, mkono mmoja kwenye viti, mpaka umshike bega. Jioni mbili tofauti watu wa reli walimrudisha wakiwa wamemkuta ameketi kwenye njia ya treni upande wa Katumba, siku ambazo treni inatazamiwa.

"Mama yake alikuja hapa. Alilia kwenye kiti hicho ulichokalia. Akaniambia, Agatha, reli haitampata mwanangu mimi nikiwa hai. Akanisihi nisiseme kwa watu, mtoto asije akaitwa kichaa maisha yake yote." Agatha alifuta meza iliyokuwa safi. "Tarehe ishirini na nane Aline akaenda kwao kwa mwaka mpya. Nilipomfuata Januari, Emelyne akanisimamisha mlangoni, akasema yuko Kigoma. Hata maji sikupewa."

Walipotoka, Eufrazia alisimama kivulini. Barua si ya Aline. Si ya Gervais. Wenye ulimi wa namna hiyo wako maelfu, lakini aliyeileta kituoni kwa mkono wake alikuwa mmoja, tena ni yuleyule aliyeapa kuwa reli haitampata binti yake.

"Mpigie mjumbe wa Katumba. Muulize Emelyne yuko wapi."

Walikuwa wamemwita Emelyne jana, wakaambiwa hayupo nyumbani. Mkubwa alisema amekimbia, na Eufrazia aliandika kwenye jalada kuwa amekimbia. Sasa Sospeter alisikiliza simu, akaitikia mara tatu, akaikata.

"Aliondoka Jumapili saa tisa, baada ya kusikia kaka yake amekamatwa. Alimwambia mjumbe anakuja kwetu. Kituoni."

"Hakufika."

"Basi ni kweli amekimbia."

"Anayekimbia polisi hakimbilii polisi, Sospeter. Mtu aliyetoka kwake kuja kwetu na hakufika, tunamtafuta wapi?"

Sospeter aliacha kuzungusha ufunguo wa gari kidoleni. "Hospitali," alisema.

Wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Muuguzi aliwaambia kuwa mama huyo aliletwa Jumapili jioni na vijana wa bodaboda, ameanguka stendi mara tu aliposhuka kwenye gari. Shinikizo la damu. Upande wa kulia umekufa ganzi na kauli imekatika. Hakuwa na kitambulisho, wala simu. Walikuwa wakingoja ndugu wajitokeze.

"Ila ana vituko viwili," alisema muuguzi. "Hilo fundo la kitenge chake, ukiligusa anapiga kelele. Na huo mkono mzima, hautulii."

Eufrazia aliuona mkono. Kidole cha shahada cha kushoto kilikuwa kinatembea juu ya shuka, kinazunguka duara. Kikifika mwisho kinaanza upya. Shuka ilikuwa imechafuka pale, alama ya mviringo yenye upana wa sahani.

Eufrazia alipiga magoti. "Mama Aline."

Macho yakaja kwake. Hakuna askari aliyezoea macho ya namna ile.

"Mama, Aline yuko wapi?"

Kidole kilizunguka kwa kasi. Koo lilitoa sauti isiyo neno. Kisha, kwa mkono huohuo mmoja, Emelyne aliliburuta fundo la kitenge hadi kwenye kiganja cha Eufrazia, akalikandamiza hapo. Wanawake wengine hufunga pesa kwenye fundo la kitenge. Ndani ya hili kulikuwa na ufunguo wa kufuli.

Eufrazia hakukimbia mpaka alipofika nje. Gari lilikuwa juani, na picha kwenye kiti cha nyuma ilikuwa imemwangalia Sospeter njia nzima. Aliitoa, akaiweka juu ya boneti.

"Ameuliza kama nimeihesabu," alisema. "Hesabu nawe."

Walihesabu kwa vidole, kila mtu kwa mwanzo wake. Wafungwa wa kwenye kalenda hawakufika arobaini. Wa Gervais walikuwa arobaini na mmoja. Arobaini wamepakwa rangi, wa mwisho ni mistari ya mkaa tu, kama mtu aliyeanza kazi akakatizwa.

"Tangu tarehe ishirini na tisa Desemba," Eufrazia alisema, "mpaka Jumamosi, siku moja kabla hatujamkamata. Ni siku ngapi?"

Sospeter alihesabu midomo ikicheza. "Arobaini na moja."

Sasa walitazama nyuso. Zilikuwa zimeinama, pua na paji tu ndivyo vilivyoonekana, lakini ukiinamisha kichwa ukafuata moja baada ya nyingine ulikuta pua ni ileile na paji ni lilelile. Gereza halikuwa na umati. Lilikuwa na mtu mmoja, na mchoraji alimwongeza kila siku.

"Na vipepeo amewasahau," alisema Eufrazia, akigusa juu ukutani. Mahali pa vipepeo palikuwa na vitundu viwili vya mraba, vyeupe kwa mwanga.

Sospeter alikuwa amekodolea macho chini ya picha, pale ambapo kwenye kalenda palikuwa na sakafu ya mawe. Gervais alikuwa amechora udongo, na juu ya udongo bomba nene la bati linaloambaa na ukuta. Juu kabisa, boriti zimepangwa safu kwa safu.

"Afande," alisema. "Mimi ni mtoto wa mkulima wa tumbaku, kule Urambo. Nimelala na bomba hili utoto wangu wote, nikichochea moto na baba. Picha hii nimeibeba siku mbili, nimeiota, na sikuiona. Hili si gereza. Hili ni bani."

Bani la kukaushia tumbaku. Matofali, marefu, halina dirisha ila kioo kidogo cha kusomea joto na vitundu vya hewa juu. Jela gani ya kujengwa nyumbani ingekuwa bora kuliko hiyo?

Eufrazia aliutazama ufunguo mkononi mwake. Mwenye ufunguo ameanguka tangu Jumapili jioni. Mwenye siri yuko mahabusu tangu Jumapili mchana, naye anaamini kwamba mtoto ana mama yake. Ndipo lile neno aliloliandika asubuhi bila kulielewa lilipomrudia, akarukia garini.

Saa sita na nusu walimsimamisha Gervais mbele ya dirisha la mahabusu. Eufrazia hakuketi.

"Dada yako yuko hospitali. Ameanguka stendi Jumapili. Hajarudi Katumba."

Mzee alimtazama kana kwamba amesemeshwa lugha nyingine.

"Jumapiri?"

"Jumapili jioni."

"Mpaka reo?" Alishika vyuma vya dirisha. "Basi nani... mama afande, nani anapereka maji?"

"Hakuna mtu. Sema bani lipi."

Midomo ilifunguka. Eufrazia aliona neno likifika kwenye meno na kurudi, na jasho likimtoka mzee kwenye paji. Hakuwa anaigiza.

"Niriapa," alisema mwishowe. "Juu ya kaburi ya mama yetu, na Emelyne ameshika mkono wangu. Kinywa changu kisiseme ariko, mpaka yeye aniambie sema."

"Emelyne hawezi tena kukuambia sema! Kauli imekatika!" Eufrazia hakujua kwamba alikuwa anapiga kelele. Alikuwa na hasira na mzee huyu na kiapo chake, na zaidi alikuwa na hasira na mtu aliyekuwa na picha mezani siku mbili akaogopa kuitazama.

Gervais aliachia vyuma. Akainama, akavaa kandambili zake.

"Kinywa niriapa," alisema. "Mikono sikuapa, nikachora. Na miguu sikuapa. Fungueni, niwapereke."

Sospeter alikuwa ameshaandika kwenye kitabu cha matukio: mtuhumiwa ametolewa kwenda kuonyesha eneo. Mkubwa alitokea mlangoni akiuliza wanakwenda wapi na mtu wake wa saa nane. Hakuna aliyesimama kumjibu.

Njia nzima Gervais hakusema neno. Alielekeza kwa kidole: hapa, pale, nyoosha. Katumba ilikuwa imefunikwa na moshi, maana Februari ndiyo mwezi wa kukausha, na kila bani waliloliona lilikuwa linawaka, watu wanapokezana kuchochea mchana na usiku. Waliacha gari penye mahindi, wakapita kwa miguu, mzee mbele. Kwa umri wake hakupaswa kwenda kasi ile.

Akasimama.

Bani lilikuwa nyuma ya nyumba ya Emelyne, kwenye shamba ambalo mwaka huu halikulimwa tumbaku. Halikutoa moshi. Majani yalikuwa yameota kwenye mdomo wa tanuri, lakini njia ya kufika mlangoni ilikuwa imekanyagwa ikawa nyeupe, na mlangoni kulikuwa na kufuli mpya. Gervais alionyesha kioo kidogo cha kusomea joto, usawa wa uso wa mtu. Chini yake udongo ulikuwa na matone ya rangi. Hapa ndipo alipokuwa anasimama kila siku, bila ufunguo, akitazama ndani na kutazamwa.

Eufrazia hakupitisha jicho pale. Alitia ufunguo kwenye kufuli. Ulizunguka mara moja.

Joto lilitoka kwanza, kisha harufu ya tumbaku ya miaka mingi na ya mtu. Ndani kulikuwa na godoro safi, blanketi lililokunjwa, Bikira Maria wa plastiki, sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, tupu. Ndoo ya maji ilikuwa imewekwa chini ya tundu la juu, mahali mvua ya juzi ilipokuwa imedondokea. Mtu aliyeyapanga haya alimpenda aliyemfungia, na hilo ndilo lililomuuma Eufrazia kuliko kama angekuta minyororo.

Kwenye udongo kulikuwa na mfereji wa duara, umechimbwa na nyayo. Aline alikuwa anatembea ndani yake.

Alikuwa anakwenda polepole sana, mkono ukutani, midomo imepasuka. Alipofika usawa wa mlango aliinua uso akawatazama. Ulikuwa uso wa kwenye picha, hakuna kilichokosekana. Kisha akaupita mlango uliokuwa wazi, akaendelea kuzunguka.

"Aline!" Sospeter aliita. "Dada, mlango huu hapa!"

Alipita tena.

Gervais alikuwa amepiga magoti nje, hawezi kuingia. Sospeter akataka kumbeba Aline, Eufrazia akamzuia kwa mkono. Alimpokea Sospeter chupa ya maji, akavua viatu, hakujua kwa nini, akaingia kwenye mfereji akatembea kando ya Aline. Hakumshika. Walikwenda mzunguko mmoja, mabega yakigusana. Kwenye wa pili alimpa maji, na Aline akanywa huku anatembea, nusu yakimwagika kifuani. Kwenye wa tatu Eufrazia aliuchukua mkono ule uliokuwa ukutani, mwepesi na wa moto, na walipofika usawa wa mlango hakuuvuta, alitoka tu kama mtu anayetoka nyumbani kwake. Aline akatoka naye.

Jua lilimfanya afumbe macho. Gervais alisema, "Mwanangu," na ndilo neno pekee alilosema. Mbele yao ulikuwa uwanja mpana uliofagiliwa, kisha mahindi, kisha gari. Aline alipiga hatua nne, tano. Kwenye ya sita miguu yake ikaanza kukata kona, kuelekea kushoto, ikitafuta ukuta usiokuwepo.

Eufrazia aliushika mkono kwa nguvu zaidi.

"Nyoosha, mwanangu," alimwambia. "Nyoosha tu, tunakwenda kwa mama."